Kaka Yangu Hajalewa

Jumamosi, jioni. Mvua ilipiga asubuhi, ikatuachia tope mpaka kizingitini, halafu jua likatoka kwa nguvu na sasa Tabata nzima inafuka joto. Nimechoka, nina hasira, na nimefurahi. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuwa na vyote vitatu kwa siku moja, lakini ndivyo nilivyo, na nisipoandika sasa hivi nitatafuta mtu wa kugombana naye.

Naanza na chupa.

Saa mbili asubuhi nilimkuta mama jikoni ameshika kichupa cha pombe kali, kile kidogo cha kuingia mfukoni. Mama yangu ni mwanakwaya, hajaonja hata bia maisha yake yote. Kichupa hicho anakitunza nyuma ya ndoo ya unga na kazi yake naijua tangu niko darasa la sita. Baba alipoanza kuyumba, kila walipotaka kutoka pamoja, mama alikuwa anamimina kidogo kiganjani na kumpaka baba kwenye kola ya shati. Watu wakimwona anayumba, wasikie na harufu. Waseme mzee kalewa, waishie hapo.

Kwa hesabu za kwetu, mlevi ana aibu ya kwake peke yake. Mgonjwa wa ukoo anawabebesha aibu watoto wake wote, na baba alikuwa na mabinti wawili wa kuolewa.

Leo walikuwa wanakuja watu wa kumposa mdogo wangu, Nakundwa. Na kichupa safari hii kilikuwa cha kaka yetu mkubwa, Elinami.

"Ni tahadhari tu, mwanangu," mama aliniambia. "Wakimwona kwa bahati mbaya."

Nilikichukua mkononi mwake taratibu, maana ni mama yangu, nikakimimina chote kwenye sinki na kufungulia maji. Mama aliangalia mpaka tone la mwisho. Hakunigombeza. Alichukua kisu akaendelea kumenya ndizi alizonunua jana Buguruni, na nikaona kwamba analia, na sikumbembeleza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Namsifu, nina miaka thelathini na nne, nafundisha biolojia kwenye shule ya sekondari huko Temeke. Kaka yangu ana ugonjwa unaoitwa Huntington. Ni ugonjwa wa ubongo. Unakuja mtu akiwa tayari mtu mzima, ana kazi na mipango yake, na unaanza kumnyang'anya vitu kimoja kimoja: kwanza utulivu wa mikono, kisha subira, kisha maneno, kisha hata kumeza chakula. Mikono na mabega vinacheza vyenyewe bila yeye kutaka. Dawa zipo za kupunguza hiyo michezo ya mwili. Za kuuondoa ugonjwa hazipo bado.

Elinami alikuwa fundi simu pale Buguruni, na alikuwa fundi kweli. Wateja walikuwa wanamletea simu zilizoshindikana kwa mafundi wengine. Halafu skrubu zikaanza kumdondoka. Zile skrubu ndogo unazoshika kwa kibano, anaziweka, zinaruka, anapiga magoti chini ya meza kuzitafuta. Wateja wakaanza kusema fundi siku hizi anakunywa kabla ya saa nne. Alipoangusha simu ya mtu kwa mara ya tatu alifunga kibanda mwenyewe, akarudi nyumbani, akaniambia, "Nam, mie nina kitu cha baba." Ni mimi niliyempeleka hospitali. Daktari wa mishipa ya fahamu alimpima, akatuuliza habari za baba na babu, akachukua damu, damu ikapelekwa nje ya nchi, na majibu yakarudi yakiwa na jina. Baada ya miaka yote ile, jina.

Baba yangu hakuwa mlevi.

Naandika tena kwa sababu sijawahi kuliandika popote. Baba yangu hakuwa mlevi. Alikuwa mzee wa kanisa kwenye usharika wetu, na wenzake waliitisha vikao juu ya pombe zake. Mama alikaa kimya. Baba mwenyewe ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, na kila alivyozidi kujitetea ndivyo alivyozidi kusikika kama aliyelewa. Wakamtenga meza ya Bwana, na akafa akiwa ametengwa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Wenzangu walipouliza baba yako kafa na nini, nilisema pombe, nikakunja uso kidogo ili wasiulize zaidi. Nilisema hivyo kwa urahisi kabisa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Nirudi kwenye leo.

Kwetu sisi Wapare, na naona hata kwa wenzetu wengi wa bara, barua ya posa haijibiwi hivi hivi. Watu wa mwanaume wanakaa, wanakunywa soda, wanasifia nyumba, halafu mshenga wao anauliza swali ambalo kila mtu anajua litakuja: nyumba hii ina nini? Hapo anamaanisha kifafa, wazimu, ukoma, uchawi, chochote kinachotembea ndani ya ukoo. Na familia yetu ina jibu lake, la kukariri kabisa. Alilitunga shangazi Nanzia, dada yake baba, na limeshatumika kuozesha binti zake watatu: "Nyumba hii ni safi. Ilikuwa na pombe tu, na pombe imezikwa na mwenyewe."

Limetumika na kwangu pia. Miaka minne iliyopita walikuja watu, likajibiwa hivyo hivyo mimi nikiwa nyuma ya pazia, wakaridhika. Wiki mbili baadaye nikavunja uchumba. Yule kaka wa watu alinipigia simu mwezi mzima akiuliza kosa lake ni lipi, na sikuwahi kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Nilishindwa kumwambia ukweli na nikashindwa kuolewa kwa uongo, basi nikamwacha tu.

Mpango wa leo uliandaliwa na shangazi tangu wiki jana. Baba hayupo, na desturi inasema mtoto wa kiume mkubwa ndiye anayekaa kwenye nafasi yake na barua inakabidhiwa mikononi mwake. Lakini Elinami apelekwe kwa jirani asubuhi, arudi wageni wakishaondoka. Tuseme yuko Mtwara kikazi. Nafasi yake akae baba mdogo, binamu yake baba, mtu mpole ambaye akiambiwa simama anasimama. Na kama jirani atashindwa kumtuliza na wageni wakamwona, basi ndiyo hicho kichupa.

Shangazi alifika saa tatu amevaa kitenge kipya, akakuta Elinami amekaa sebuleni. Nilimvalisha mwenyewe, shati jeupe na koti. Koti lilituchukua dakika kumi kwa sababu mkono wake wa kushoto leo ulikuwa na mambo yake, na tulicheka wote wawili mpaka akakohoa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyu anafanya nini hapa?"

"Anasubiri wageni wake," nikasema.

Aliniburuta mpaka jikoni. Nilijua atakachosema na alikisema chote, kwamba nina wivu kwa sababu mimi sikuolewa, kwamba elimu imenipanda kichwani, kwamba naua posa ya mdogo wangu kwa mikono yangu. Halafu akasema lile ambalo amekuwa akilisema tangu kaka apate majibu: "Nyie wawili mshapona, wewe mtoto. Ugonjwa huu unachukua mmoja kila kizazi. Alichukuliwa babu yenu, akachukuliwa baba yenu, sasa kachukuliwa Elinami. Kawabebea. Kwa nini unataka kumwaga tena kilichokwisha?"

Ukoo mzima unaamini hivyo. Mmoja kila kizazi. Nimewahi kumsikia binamu yangu akimshukuru Elinami, kwa machozi kabisa, kama mtu aliyelipiwa kitu. Na Elinami alimjibu "karibu," kwa sababu afanyeje.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Najua hesabu hiyo ni ya uongo. Nimekuwa najua miaka mitano na nimewaacha waiamini kwa sababu inawafariji, na ninaposema inawafariji nasema pia imenifariji mimi. Kuna mchana nimejikuta nikiwaza, labda kweli kaka katubebea.

Nilikuwa sijamjibu shangazi bado wakati Nakundwa alipotoka chumbani, nusu ya nywele zimesukwa na nusu bado. Mdogo wangu ana miaka ishirini na minane na hapigi kelele kamwe, ndiyo maana watu wanadhani hana msimamo.

"Shangazi, mie Deo nilishamwambia," akasema. "Nilimwambia siku ya kwanza aliyonitajia habari za ndoa. Wazee wake ndio hawajui. Na kaka asipokaa kwenye kiti chake, mie sitoki chumbani. Mtaiozesha hiyo barua."

Akarudi kumalizia nywele. Shangazi akabaki ameshika ukingo wa meza. Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa heshima.

Wageni walifika saa tano, kutoka Mwenge. Walikuwa watu wanne: mshenga wao, ambaye ni mzee mchangamfu mwenye kofia ya pama; baba mkubwa wa Deo, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na anaonekana hivyo hata akiwa amekaa, na kina mama wawili waliobeba kapu. Elinami alisimama kuwapokea. Alisimama vizuri, kisha bega likaruka, mguu ukamwendea upande, akashika meza, glasi moja ya soda ikapinduka kwenye kitambaa.

Mshenga akacheka kwa nia njema kabisa. "Aah, naona mwenyeji wetu sherehe ameianza mapema!"

Wote wakacheka. Baba mdogo akacheka. Hata mama, Mungu amsamehe, alifungua mdomo kucheka. Nikaona shangazi ameshajiandaa na sentensi yake ya pombe, na nikajua ikitoka tu, imekwisha, hatutairudisha.

"Kaka yangu hajalewa," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kama niko mbele ya kidato cha pili. Kicheko kikakatika.

"Samahani, wazee wangu. Shikamooni. Mimi si mtu wa kusema kwenye kikao hiki, najua. Lakini kaka hajalewa, na baba yetu hakuwa mlevi. Ni wagonjwa. Mtauliza nyumba hii ina nini, basi ina hicho. Mkiniruhusu nitawaeleza."

Mshenga akavua kofia. Akamwangalia mkubwa wake. Yule mwalimu mstaafu akakaa vizuri kwenye kochi, akaniambia, "Eleza."

Nikaeleza. Nimefundisha somo hilo miaka tisa na sijawahi kulifundisha sebuleni kwetu. Nikawaambia kila binadamu ana nakala mbili za kila agizo la mwili, moja ametoka nayo kwa mama na moja kwa baba. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi, na kwenye agizo moja kuna neno la herufi tatu linalojirudia. Kwa watu wengi linajirudia kiasi chake. Kwenye nakala moja ya baba yetu lilijirudia kupita kiasi, na agizo lililoandikwa vibaya namna hiyo linaharibu ubongo polepole kwa miaka. Nakala moja mbovu inatosha. Ile nzima haiwezi kumwokoa mtu.

"Hakuna aliyeroga," nikasema. "Hakuna aliyekosea kitu. Baba kila alipopata mtoto alitoa nakala moja kati ya mbili, na hakuchagua. Ni kama kurusha sarafu."

"Kwa hiyo watoto watatu…" akaanza mwalimu.

"Inarushwa upya kwa kila mtoto, mwalimu. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Wangeweza kuupata wote watatu. Wangeweza kuukosa wote. Kaka kuwa nao hakutupunguzii sisi kitu." "Hakuna mmoja kila kizazi. Hiyo ni habari tuliyojitungia."

Hapo ndipo kikombe cha shangazi kilipogonga sahani yake. Kikagonga tena, mara nyingi ndogo ndogo. Nikageuka. Shangazi alikiweka chini haraka na kufunika mikono yake na ncha ya kitenge, na aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Yeye ni mtoto wa babu. Yeye pia alirushiwa sarafu, na miaka yote hii alihesabu kwamba kaka yake alimbebea. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda shangazi leo. Sikujiandaa kuona hofu yake. Labda kikombe kilitikisika kwa hasira tu, labda ni umri. Sijui, na si mimi wa kusema.

Mwalimu mstaafu aliuliza maswali mazuri, lazima nikiri. Aliuliza kama ugonjwa unaweza kuruka kizazi. Nikamwambia aliyeukosa, ameukosa yeye na watoto wake, hauruki. Akauliza mtoto wa Nakundwa itakuwaje. Nikamwambia kama Nakundwa hana, mtoto hawezi kuupata kwake. Kama anao, ni nusu kwa nusu tena.

"Na anao?"

"Hajapima. Hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe."

"Na wewe, binti?"

Sikutegemea swali hilo. "Hata mimi sijapima," nikasema, na ni kweli. Nimeshafika mara mbili mpaka kwenye benchi la kusubiri, na mara mbili nimesikia jina langu likiitwa nikainuka nikaondoka. Siandiki hili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nimesema leo nitakuwa mkweli.

Kisha Elinami akanyoosha mkono, ukaenda kulia, akaurudisha, akaunyoosha tena. Alikuwa anadai barua. Mshenga alisita kidogo, halafu akainuka, akaipeleka kwa mikono miwili na kuinama, jinsi inavyompasa mkubwa wa nyumba.

"Nimepokea," Elinami akasema. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemmalizia neno. "Karibuni… chakula."

Walikula kidogo. Ndizi za mama zilibaki karibu zote, na kina mama wale wawili waliagana nasi kwa ncha za vidole. Mshenga ndiye aliyemshika Elinami mkono mzima na kumwomba radhi kwa utani wake. Mwalimu alisema watakaa, watatujulisha.

Saa kumi mshenga akampigia simu baba mdogo. Baba mdogo aliweka spika, sote tukasikia. Wazee wamekaa. Wamesifu ukweli wetu, hawajawahi kuona nyumba iliyosema ukweli namna hii. Binti wanampenda. Ila wanaomba jambo moja dogo: binti apime kwanza. Karatasi ikija safi, mambo yanaendelea kama kawaida.

Baba mdogo alishusha pumzi ya furaha. "Si ndiyo hiyo tu? Apime basi."

Shangazi, tangu wageni waondoke, alikuwa amekaa pembeni na mikono yake ndani ya kitenge.

"Siendi," Nakundwa akasema.

"Mwanangu…"

"Siendi, mama. Siku nikitaka kujua nitakwenda. Nitakwenda kwa ajili yangu. Siendi kuchukua karatasi ya kuolewa. Na ikija chafu je? Wao watarudi Mwenge na barua yao. Mie nitabaki na hiyo karatasi maisha yangu yote."

Nilimwangalia mdogo wangu na nikajua kwamba mimi, mkubwa wake, ningekubali. Ningekwenda hospitali Jumatatu asubuhi ili tu watu wanipende. Simu yake ilikuwa mkononi, na Deo alikuwa ameandika mstari mmoja tu, kwamba yuko na wazee, atapiga. Hajapiga mpaka sasa.

Baba mdogo alianza kusema kwamba tutafute maneno laini, yeye atampigia mshenga, ataomba muda. Elinami akagonga mkono wa kochi. Safari hii mkono haukucheza wenyewe, aliugonga.

"Barua… nimepewa mimi. Jibu… langu."

Na hakuna aliyekuwa na la kubisha, kwa sababu hiyo ndiyo desturi yenyewe tuliyopigania asubuhi. Nikachukua kalamu niandike anachosema. Akatikisa kichwa, akaonyesha simu yangu kwa kidevu. Alitaka kutuma sauti.

Mama akashtuka. "Elinami baba, mwache Namsifu aandike vizuri. Sauti yako watadhani…" Hakumalizia, na hakukuwa na haja.

"Wasikie," Elinami akasema.

Nikapiga magoti mbele yake nikiwa nimeshika simu, nikifuata mdomo wake ulikoelekea. Mara ya kwanza alikohoa katikati. Mara ya pili alikasirika akatukana, na Nakundwa alicheka kwa machozi, tukafuta. Mara ya tatu alifumba macho, na hiki ndicho alichosema, bila mimi kuongeza wala kupunguza:

"Shikamooni, wazee. Ni Elinami. Nimesikia. Mdogo wangu hatapimwa ili aolewe. Akitaka mwenyewe, atapima. Mama yetu alimchukua baba bila karatasi. Alimlisha kwa kijiko mpaka mwisho. Mkimtaka Nakundwa, mchukueni na hilo tusilolijua. Msipomtaka, barua yenu iko hapa. Njooni. Mimi ndiye nitawafungulia mlango."

Dakika moja na sekunde arobaini. Maneno mengine yanavutika, mengine yameng'atwa, katikati kuna kimya kirefu anapotafuta neno "mchukueni" na unamsikia anavyolitafuta. Mtu asiyejua atasema huyu bwana kapiga chupa nzima.

Kidole changu kilibaki juu ya kitufe. Nikamwangalia mama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kanga imemwanguka begani, na alikuwa akimwangalia mwanawe wa kwanza usoni, moja kwa moja, kitu ambacho hajakifanya kwa muda mrefu.

"Tuma," mama akasema. "Tuma, wasikie sauti ya mwanangu."

Nikatuma.

Wameshasikiliza. Alama mbili ziligeuka bluu saa kumi na moja na nusu na mpaka sasa hawajajibu. Nakundwa amekaa sakafuni anakula ndizi za wageni kwenye sufuria na hataki kuongea na mtu, simu ameilaza karibu na goti. Akiachwa kwa ajili ya hili, nitalia naye, na ninajua kuna watu watasema ni mdomo wangu ulioivunja posa. Waseme. Shangazi aliniomba nimsindikize mpaka barabarani, jambo ambalo halijawahi kutokea, na njiani aliniuliza kwa sauti ya chini yule daktari wa Elinami anaonekana siku gani. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba nitakaa naye kwenye benchi, na kwamba akitaka kuinuka na kuondoka, tutaondoka wote.

Elinami amenipa ruhusa ya kuandika haya. Majina ya wengine nimeyabadilisha. La kwake alikataa nisiliguse.

Jumatatu kidato cha nne wanaanza sura ya urithi. Miaka tisa nimewafundisha kwa mfano wa njegere, njegere za kijani na njegere za njano, mpaka wanasinzia. Mwaka huu nitafika mapema, nitafuta ubao vizuri, na pale juu, mahali pa mzazi, nitaandika jina la baba yangu.